Kisu Kiko Upanga, Mguu Uko Mtoni

MPASUAJI: Nianze na mgonjwa ambaye sindano haimfai. Mama kajifungua kwa upasuaji juzi. Leo alfajiri kanyanyuka aende msalani, kafika mlangoni kaanguka. Presha imeshuka, midomo imepauka, mapigo ya moyo hayahesabiki. Bonge la damu lililokuwa limelala kwenye mshipa wa nyonga limechomoka, limepanda na damu hadi moyoni, likapita upande wa kulia na kwenda kukwama kwenye mshipa mkuu wa mapafu. Dawa ya kuyeyusha bonge ipo, lakini nikimpa, kidonda cha kizazi chenye siku mbili kitamwaga damu hadi aishe. Huyo dawa yake ni kufunguliwa kifua, mshipa upasuliwe, bonge litolewe kwa koleo. Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya milioni tano. Jiji la ukubwa huo lisipokuwa na timu ya kazi hiyo usiku na mchana, limeshaamua kwamba mama huyo atazikwa.

MUUGUZI: Dokta, hadithi umeianzia katikati. Juzi na jana alikuwa wapi? Alikuwa kwenye wodi yangu, kalala chali, kwa sababu mama mkwe kamwambia, "Tulia mwanangu, utafumua nyuzi." Mimi usiku huo niko peke yangu, vitanda vimejaa, vingine wamelala wawili wawili. Ana miaka 39, uzazi wa tano, ana mwili, na mezani alipoteza damu nyingi. Yote hayo nimeyaandika kwenye faili lake kwa mkono wangu. Mtu wa namna hiyo alitakiwa apate sindano ya heparini ya tumboni mapema, na atembezwe kabla jua halijazama. Sindano ilikosekana, kutembezwa hakutembezwa, bonge likajitengeneza taratibu kama maziwa kwenye kibuyu. Sasa ndipo unapokuja wewe na msumeno.

MPASUAJI: Msumeno haununuliwi upya, Sista. Muhimbili walianza upasuaji wa kufungua moyo Mei 2008, na tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete palepale Upanga. Mashine ya kusukuma damu wakati moyo umesimamishwa ipo, maana bila hiyo moyo haufunguliwi kubadilishwa vali wala kuzibwa tundu. Ninachodai ni watu. Mtaalamu wa mashine atakayeamka saa tisa usiku, mtu wa usingizi, chupa za damu zisizotafutwa kwa kupigiana simu, na daktari wa zamu huku Temeke anayejua namba ya kupiga kabla mgonjwa hajapoa.

MUUGUZI: Mtoni hadi Upanga ni kilomita kama kumi. Ukiangalia ramani unacheka. Sasa muweke mgonjwa kwenye gari Barabara ya Kilwa saa moja asubuhi, malori ya bandarini mbele, daladala zimechomekea kulia na kushoto, king'ora kinalia na hakuna wa kupisha kwa sababu hana pa kupishia. Na hapo nimekurahisishia, maana mgonjwa wa Mtoni haendi Upanga moja kwa moja. Anaanza zahanati, anapewa karatasi ya rufaa, anapigwa picha, ndugu wanakwenda kutafuta hela, gari nalo linatafutwa. Vitabu vyenu vyenyewe vinasema wengi wanaouawa na bonge kubwa hufa ndani ya saa moja au mbili za mwanzo. Timu yako ya Upanga itampokea nani?

MPASUAJI: Itampokea aliyevuka saa hizo. Nao si wachache. Kuna utafiti uliochapishwa 1999, wagonjwa zaidi ya 2,400 kutoka hospitali 52 za nchi saba. Wale waliofika presha ikiwa imeporomoka, zaidi ya nusu walikuwa wamekufa kabla ya siku 90. Hao walifika hospitalini, Sista, tena hospitali zenye heparini. Ndio ninaowatetea.

MUUGUZI: Na kisu chako kina rekodi gani kwao?

MPASUAJI: Ilianza vibaya, sifichi. Mwaka 1908, Leipzig, Mjerumani Friedrich Trendelenburg aliwafungua watu kifua kutafuta bonge hilo. Mshipa mkuu umebanwa, ana sekunde 45 hivi za kupasua, kuchomoa na kufunga, la sivyo mgonjwa kafia mikononi. Walikufa. Mwanafunzi wake, Martin Kirschner, ndiye wa kwanza ambaye mgonjwa wake aliondoka hospitali kwa miguu yake, mwaka 1924. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1930, Boston, daktari kijana aitwaye John Gibbon alikesha kando ya mama mmoja aliyetolewa kifuko cha nyongo, bonge likamkaba mapafuni. Kazi ya Gibbon usiku ule ilikuwa kuhesabu mapigo na kupima presha, kungoja hali iwe mbaya kiasi cha kuhalalisha kisu. Asubuhi bosi wake alimfungua, akatoa bonge kwa dakika sita na nusu. Gibbon aliondoka pale na wazo moja kichwani: laiti damu ya mama yule ingepitishwa nje, ikapewa hewa na kurudishwa. Ilimchukua zaidi ya miaka ishirini. Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, mashine yake ikafanya kazi hiyo kwa mgonjwa aliyepona. Kila anayefunguliwa moyo leo Upanga anadaiwa na mama yule wa Boston. Mashine ilizaliwa kwa sababu ya bonge la mapafu, halafu leo mnaniambia bonge la mapafu lisiletwe kwenye mashine.

SHANGAZI: Dokta, samahani. Huyo mama wa Boston alipona?

MPASUAJI: Hakupona, Mama.

SHANGAZI: Nilitaka kujua tu. Endeleeni.

MUUGUZI: Na mimi nina historia yangu, fupi kuliko yako. Bristol, Uingereza, 1960. Madaktari wawili, Barritt na Jordan, walichukua wagonjwa 35 wenye bonge mapafuni. Wakapiga kura. Kumi na tisa hawakupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, 16 wakapewa heparini. Katika wale 19, watano waliuawa na bonge. Katika wale 16, bonge halikumuua hata mmoja. Wakasimamisha kura, wakasema kuwanyima wengine dawa itakuwa dhambi. Hakuna mashine iliyotumika pale, hakuna aliyepasuliwa. Ni dawa ya chupa ndogo iliyogunduliwa tangu 1916, na mimi mwaka huu nimewaandikia ndugu wakainunue mtaani mara nyingi kuliko nilivyoichukua stoo.

SHANGAZI: Sasa nisemeje na mimi? Maana mnagombea waliokufa. Wangu yupo hai, na kazi ndipo ilipo. Kijana wa kaka yangu, nimemlea mwenyewe hapa Mtoni kwa Azizi Ali tangu ana miaka sita. Alikuwa anaendesha bodaboda. Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, watu wanakimbilia futari, bajaji ikakata kona mbele yake, paja likavunjika. Akalazwa, mguu ukaning'inizwa na uzito wiki sita, maana chuma cha kuweka ndani ya mfupa tuliambiwa bei yake tukanyamaza. Akaruhusiwa na magongo. Siku ya nne nyumbani akaniambia, "Shangazi, nina kichomi." Upande huu wa mbavu, akivuta pumzi kama anachomwa msumari. Nikampeleka zahanati, jina siitaji, wakasema nimonia, wakampa vidonge. Kesho yake akakohoa damu. Wakasema kifua kikuu, wakachukua makohozi. Siku ya tatu akaanguka chooni. Nilimkuta ameikumbatia ndoo, macho yamemtoka, jasho jembamba, hawezi kusema hata "Shangazi".

MUUGUZI: Mguu ulikuwa umevimba?

SHANGAZI: Ule uliovunjika? Ulikuwa kama shina la mpapai. Nikajua ni mambo ya mfupa.

MUUGUZI: Na zahanati hawakuuangalia?

SHANGAZI: Alivaa suruali. Walimsikiliza kifua.

MUUGUZI: Dokta, umesikia? Hapo ndipo pesa yangu inapotakiwa kwenda. Mtu ametoka kuvunjika paja, amelala wiki sita, mguu mmoja umevimba, ana kichomi, anakohoa damu. Kumjua huyu hakuhitaji mashine ya Gibbon. Anahitaji mtu wa kumwambia avue suruali. Kile kibano cha kidoleni cha kupima oksijeni kingeonyesha 80 na kitu, na mapafu ukiyasikiliza yako safi. Nimonia gani hiyo isiyo na homa ya maana?

MPASUAJI: Nakubali, wala sibishi. Na wiki sita za kuning'inizwa mguu bila kinga ni kulima bonge kama unavyolima mpunga. Waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa nyonga au goti bila dawa ya kinga, ukiwachunguza mishipa, karibu nusu wana bonge mguuni, mengi hayana hata dalili. Lakini Mama hajamaliza. Wakafanyaje, Mama?

SHANGAZI: Tulipofika hospitali kubwa wakampiga CT, wakasema mabonge yapo pande zote mbili. Akawekewa dripu, oksijeni, wiki mbili na siku tatu. Akatoka na wafarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda. Nikachinja kuku. Sasa ni miezi minane, na kijana wa miaka 27 hawezi kuvuka mchanga wa mlangoni kwangu na dumu la lita kumi. Anasimama mara mbili. Miguu yote inajaa maji jioni. Bodaboda ameikabidhi kwa mwenzake, analetewa hesabu ya huruma. Tumerudi, wakapima eko, wakasema presha ya mapafu imepanda, moyo wa kulia umevimba, mabonge hayakuyeyuka. Wakasema kuna upasuaji, ila ni nje. Nikauliza nje wapi. Wakasema India labda.

MPASUAJI: Huo ni upasuaji mwingine kabisa, Mama, na ni mzito kuliko ule wa dharura. Unajua ukoko? Wali ukitoka jikoni unapakuliwa kwa mwiko. Sufuria ikilala hadi kesho, ukoko umeshika, si wali tena. Bonge likikaa mapafuni miezi, halibaki bonge. Linageuka kovu, linashikana na ukuta wa mshipa hadi hujui kovu linaishia wapi na mshipa unaanzia wapi. Dawa hailing'oi. Inabidi mpasuaji aingie ndani ya mshipa, atafute ufa kati ya ukoko na sufuria, aubandue ukoko hadi kwenye matawi membamba kama njiti, na sufuria isitoboke.

SHANGAZI: Huku damu inapita?

MPASUAJI: Damu ikipita huoni kitu. Kwa hiyo mwili unapoozwa hadi nyuzi 18 au 20, kichwa kinazungushiwa barafu, moyo umesimama, halafu na mashine yenyewe inazimwa. Dakika 20 upande mmoja. Inawashwa, mwili unapumzishwa, inazimwa tena upande wa pili.

SHANGAZI: Mashine imezimwa na moyo umesimama. Basi amekufa.

MPASUAJI: Kwa dakika hizo 20 ukimpima hutapata dalili ya uhai. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa wingi ni wachache duniani. Hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Diego, ndiyo iliyowafundisha wengi, na mmoja wa walioinoa kazi hiyo ni Stuart Jamieson, mzaliwa wa Bulawayo, hapa hapa Afrika. Katika ripoti yao ya 2012, wagonjwa 500 wa mwisho, waliofia hospitalini walikuwa 11 tu.

MUUGUZI: Na wale wa kwanza kabisa?

MPASUAJI: Wa miaka ya mwanzo walikufa wengi zaidi. Mara kadhaa ya hapo.

MUUGUZI: Basi hapo ndipo roho yangu inapogoma. San Diego walijifunzia kwa watu, wakafika elfu nne na zaidi, mkono ukawa mwepesi. Ukianza leo hapa, wale wa kwanza watatoka Mtoni, Mbagala, Tandika. Na hutapata elfu nne. Katika watu mia waliopona bonge, wanaobaki na ukoko ni wawili, watatu, wanne. Timu itafanya kazi mbili kwa mwaka, mkono utakuwa mzito kila mara. Shangazi, nikuulize bila kuficha: ungekubali kijana wako awe wa kwanza?

SHANGAZI: Mwanangu, mbona alipokuwa ananing'inizwa mguu hamkuniuliza kama nakubali? Unaniuliza leo kwa kuwa leo kuna jina kubwa la upasuaji. Wa kwanza lazima awe mtoto wa mtu. Ninachokataa ni kufichwa. Nikiambiwa, "Mama, wewe ni wa tatu, wa kwanza kafa, wa pili kapona," nitakaa chini na kaka yangu tutaamua. Nikiambiwa "India labda", hiyo labda siwezi kuipanda ndege.

MPASUAJI: Na hesabu yako ya wawili watatu, Sista, inahesabu waliotambuliwa. Wangapi mtaani wanatibiwa pumu ambayo si pumu? Wangapi wameandikiwa "moyo kutanuka" na hakuna aliyejiuliza umetanuka kwa nini? Nchi hii inazaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na selimundu peke yake inapandisha presha ya mapafu na inagandisha damu. Wenzetu wa Nairobi walipekua mafaili ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wakachapisha 2011 habari za wagonjwa 128 wenye bonge mapafuni. Wastani wa umri ni miaka 40 hivi. Huko Ulaya huu ni ugonjwa wa wazee. Huku kwetu unawakuta watu wana watoto shule ya msingi.

MUUGUZI: Hao 128 walitambuliwa kwa sababu mtu alipima. Unanisaidia mimi hapo, hujisaidii.

MPASUAJI: Najisaidia. Mtu hapimi kitu ambacho hana la kukifanyia. Kabla Muhimbili hawajaanza kufungua moyo, mtoto mwenye tundu la moyo kule mkoani aliandikiwa vitamini. Upasuaji ulipokuja, ndipo wa mikoani wakaanza kusikiliza mioyo ya watoto kwa makini, kwa sababu kuna pa kuwapeleka. Kisu kikiwepo Upanga, hata yule wa zahanati atamvua suruali mgonjwa wake.

MUUGUZI: Hiyo ni imani, Dokta, na imani njema. Mimi nimeona pia kinyume chake. Chumba kipya kinazinduliwa, utepe unakatwa, wauguzi watatu bora wa wodi yangu wanahamishiwa huko, na mimi nabaki na wanafunzi. Halafu turudi kwa mama wako wa kwanza, yule wa kizazi. Ulisema dawa ya kuyeyusha bonge itamtoa damu. Kweli. Lakini hiyo mashine yako nayo haikubali damu iingie hadi umwage heparini ya kumtosha ndovu. Kidonda cha kizazi hakitajua tofauti.

MPASUAJI: Umenishika pabaya, ila si pabaya kabisa. Heparini naweza kuitengua. Nikimaliza natoa protamini, dawa iliyotokana na mbegu za samaki dume, na ndani ya dakika chache damu inaanza kuganda tena. Saa moja, saa mbili, nimefunga mlango. Dawa ya kuyeyusha bonge ukishaichoma haikusikilizi, inakwenda kila penye kidonda, inaweza kufika hata kichwani. Na daktari wa uzazi anakuwa amesimama palepale mezani, akiona damu anaingia. Ni hatari, sikatai, lakini ni hatari ninayoiona kwa macho.

(Msomaji aliye mezani aweke kijiko chini kidogo.)

MPASUAJI: Nikiwa masomoni nje nililishika bonge moja. Mzee alianguka wiki moja baada ya kutolewa uvimbe tumboni. Tulipopasua mshipa wa mapafu halikutoka kama tone la damu unalolijua. Lilitoka refu, kama urefu wa kiganja na kidole, rangi ya maini, nyororo lakini gumu, limejikunja mara mbili kama mjusi aliyejibana ufani. Tulipolinyoosha kwenye kitambaa tukaona lina vishimo kila baada ya hatua. Ni alama za vali za mshipa wa paja. Yaani lilikuwa limechukua sura ya mguu. Na pale pale, lilipotoka tu, upande wa kulia wa moyo uliokuwa umejaa kama puto ukaanza kusinyaa mbele ya macho yetu. Mzee yule alikwenda nyumbani. Sista, mtu akishaona hilo, ukimwambia "subiri kwanza tununue sindano", moyo haukubali.

MUUGUZI: Na mtu akishaona jinsi lilivyochukua sura ya mguu, hajiulizi kwa nini tulingoje lifike kifuani?

SHANGAZI: Mnisaidie hili la wafarini kwanza, maana ndilo langu la kila siku. Waliniambia asile mboga za majani. Mimi ninauza matembele na kisamvu. Mboga ya nyumba yetu ndiyo hiyo, nyama ni ya sikukuu. Miezi minane kijana anakula ugali na dagaa, ugali na maharage. Juzi alikula kisamvu kwa jirani, akarudi ananiangalia kama ameiba.

MUUGUZI: Walikuambia nusu, Shangazi. Mboga za majani zinapunguza nguvu ya wafarini, ni kweli. Lakini hatakiwi kuacha. Anatakiwa ale kiasi kilekile kila wiki, asile bakuli zima leo na mwezi mzima asiguse, halafu dozi ipangwe kwa kupima damu. Anapima mara ngapi?

SHANGAZI: Mara ya mwisho miezi miwili iliyopita. Kipimo ni hela, na nauli, na siku nzima ya genge kufungwa.

MPASUAJI: Na vile vidonge vya kifua kikuu, alivianza?

SHANGAZI: Alipewa, akanywa wiki tatu. Makohozi yalikuja safi, wakamwachisha.

MPASUAJI: Ile rifampisini iliyomo humo inaifuta wafarini kama ufutio. Kwa hiyo wiki za mwanzo kabisa, bonge likiwa bado laini, inawezekana dawa yake ilikuwa jina tu. Unaona, Sista, nami nahitaji kazi yako ifanyike vizuri.

MUUGUZI: Unaihitaji, lakini bajeti huiombei. Zipo dawa mpya za vidonge zisizotaka kupima damu kila mara wala kugombana na kisamvu. Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2019. Kila mkutano ninaokwenda nasikia habari za vyumba vya upasuaji. Sijasikia mtu amesimama akapigania kidonge hicho kifike dirisha la dawa la Temeke. Kidonge hakina utepe wa kukata.

SHANGAZI: Hiyo wafarini yenyewe, jirani yangu alisoma akaniambia ni sumu ya panya.

MPASUAJI: Ilianza hivyo, Mama. Ng'ombe wa Marekani walikula majani yaliyooza wakafa kwa kutoka damu, wataalamu wakaifuatilia sumu yake, na mwaka 1948 ikauzwa ya panya. Watu walianza kuitumia baadaye. Kwa dozi sahihi imeokoa wengi.

SHANGAZI: Kwa dozi sahihi. Na sisi hatupimi.

MPASUAJI: Ndiyo maana kwa huyu kijana nasema dawa imeshafika ukingoni. Hata ukimpa kidonge bora, kitazuia bonge jipya. Ukoko uliopo hautoki. Moyo wake wa kulia unasukuma ukuta kila siku, na miaka michache mbele utachoka. Huyu hayumo kwenye hoja yako ya kinga, Sista. Kinga imeshampita. Utamwambia nini?

MUUGUZI: Nitamwambia ukweli kwamba aende, popote penye mkono mwepesi, India ikibidi, na serikali au bima imbebe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote bunge limeshaipitisha tangu 2023, basi na ianze kuonekana kwenye watu kama yeye. Kumpeleka mmoja kwa waliozoea ni bora kuliko kufungua kiwanda cha kujifunzia kwa kumi.

MPASUAJI: Na wa mwakani? Na wa mwaka keshokutwa? Tuliimba wimbo huohuo wa India kwa vali za moyo miaka na miaka. Waliopata nafasi ya ndege walikuwa wenye barua. Wenye genge walibaki kwenye foleni hadi majina yao yakafutwa kwa wino mwekundu. Nafuu nianze na ule wa dharura, ambao timu ya moyo inaumudu, mikono ikizoea mishipa ya mapafu ndipo twende kwenye ukoko, na mwalimu asimame pembeni kutoka huko walikozoea. Sijasema kesho.

MUUGUZI: Hujasema kesho, lakini umesema kabla ya sindano.

MPASUAJI: Nimesema pamoja na sindano.

MUUGUZI: Kwenye karatasi ya bajeti hakuna mstari unaoitwa "pamoja". Kuna wa juu na wa chini.

SHANGAZI: Mimi nimewasikia wote. Nyie wawili mkiwa sehemu moja ningeshapona mimi mwenyewe. Jumatatu ana kadi ya kliniki. Nilitaka tu kujua nimwambie nini akiniuliza kama atapanda pikipiki tena.

MUUGUZI: Kabla ya hilo, Shangazi. Huo mguu uliovunjika, siku hizi ukoje?

SHANGAZI: Afadhali sana. Jioni unajaa kidogo, lakini unashuka. Tuna mzee pale Mtongani, fundi wa kuchua, ndiye aliyeushika tangu mwanzo.

MUUGUZI: Tangu mwanzo lini?

SHANGAZI: Tangu alipotoka na magongo. Siku ile ya tatu nyumbani, ulipovimba ule wa mpapai, tulimwita aukande na mafuta ya karafuu, ashushe damu iliyolala. Alimchua vizuri kweli, kutoka huku chini kupandisha juu. Kijana alilia.

MPASUAJI: Siku ya tatu. Na kichomi kilimshika siku ya nne.

SHANGAZI: Ndiyo.

MUUGUZI: Na bado anamchua?

SHANGAZI: Kila Alhamisi. Mzee wa watu, hadai hata nauli.

MPASUAJI: Leo ni Alhamisi, Mama. Simu yako ina salio?